Interlukini-2 ya binadamu (IL-2) kwa utafiti wa maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaokuza seli za kinga katika maabara za Nairobi: wanafunzi wa uzamili, mafundi wa maabara, na watafiti wanaoagiza kichupa cha kwanza kwa fedha za ruzuku ambazo hazitarudi tena. Mengi yaliyoandikwa hapa yanafaa kwa saitokini nyingine pia, lakini takwimu ni za IL-2. Karatasi iliyokuja na bechi yako ikitofautiana na ukurasa huu, fuata karatasi.

## Mambo ya msingi

1. IL-2 ni nini hasa, na "rekombinanti" maana yake nini?

IL-2 ni saitokini, yaani protini ndogo ambayo seli za kinga huitumia kupashana habari. Hutolewa zaidi na seli T za CD4 zikishaamshwa, na kazi yake kubwa ni kuzifanya seli T na seli NK (seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa au za saratani) zigawanyike na ziendelee kuishi. Ilielezwa mwaka 1976 katika maabara ya Robert Gallo nchini Marekani, kama kitu kilichowezesha seli T za binadamu kukua kwa muda mrefu nje ya mwili. Mwaka 1983 Tadatsugu Taniguchi na wenzake nchini Japani walichapisha mfuatano wa jeni lake. Kabla ya hapo watu walitumia maji yaliyotoka juu ya seli zilizochokozwa kwa PHA (fitohemaglutinini, protini ya maharagwe inayoamsha seli T), yenye saitokini nyingi kwa pamoja na viwango visivyotabirika.

Rekombinanti maana yake jeni la binadamu limepandikizwa kwenye kiumbe kingine, mara nyingi bakteria *E. coli*, kikatengeneza protini hiyo, kisha ikasafishwa. Jeni hutoa mnyororo wa asidi amino 153. Ishirini za mwanzo hukatwa wakati protini inatoka kwenye seli, na zinabaki 133 zenye uzito wa takriban kDa 15.5. Hicho ndicho unachonunua.

2. Iliyotengenezwa na bakteria ni dhaifu kuliko iliyotoka kwenye seli za mamalia?

Kwa kazi ya kukuza seli, hapana. IL-2 ya mwilini hubeba sukari kwenye treonini ya 3, na bakteria hawawezi kuiweka, lakini sukari hiyo haihitajiki ili protini ishike kipokezi. Tofauti iliyo na uzito ni nyingine: iliyotoka kwenye *E. coli* inaweza kuja na mabaki ya endotoksini, yaani sumu ya ukuta wa bakteria (tazama swali la 20). Iliyotoka kwenye seli za HEK293 au CHO hugharimu zaidi na huwa na hatari ndogo zaidi ya endotoksini. Ukifanya kazi na monosaiti au seli za dendriti, gharama hiyo ina maana. Ukikuza seli T tu, bado hujafika huko.

3. Cheti kinasema "C125S" au "Met-IL-2". Ni protini ile ile?

Karibu ile ile. IL-2 ina sisteini tatu. Ile ya 58 na ya 105 zimefungamana na kushikilia umbo la protini. Ya 125 iko peke yake, na upweke huo ndio tatizo: inaweza kushikana na sisteini isiyostahili, au na ya molekuli jirani, protini ikajikunja vibaya au ikagandamana. Kwa hiyo watengenezaji wengi huibadilisha kuwa serini, na hiyo ndiyo maana ya "C125S". Uwezo wa protini haupungui, na kwenye kichupa hudumu vizuri zaidi. "Met" ni methionini ya mwanzo ambayo bakteria huacha mbele ya mnyororo, nayo haina madhara. Andika aina uliyotumia kwenye sehemu ya mbinu ya makala yako pamoja na namba ya bechi.

4. Mgonjwa anaweza kudungwa IL-2 hii?

Hapana, kwa hali yoyote. Kuna dawa ya IL-2 iitwayo aldesleukin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo na mwaka 1998 kwa melanoma. Hata hiyo hutolewa hospitalini chini ya uangalizi mkali kwa sababu hufanya mishipa midogo ya damu kuvuja na shinikizo la damu kushuka. Kichupa cha utafiti hakikutengenezwa wala kupimwa kwa viwango vya dawa. Mtu akikuomba kwa ajili ya jamaa yake mgonjwa, jibu ni lile lile.

## Kuagiza na kupokea

5. Kifurushi kimefika bila barafu. Nikirudishe?

Angalia kwanza kama ni unga au mmumunyo. Unga uliokaushwa kwa ugandishaji huvumilia joto la kawaida la chumba kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa, na kampuni nyingi huusafirisha hivyo kwa makusudi. Mmumunyo uliotakiwa kuja kwenye barafu kavu na ukafika umeyeyuka ni jambo jingine: piga picha ya kifurushi kabla hujakigusa, andika saa uliyopokea, na umjulishe muuzaji siku hiyo hiyo.

Kwa Nairobi, agiza unga kila unapopata nafasi ya kuchagua. Mzigo ukikwama kwenye forodha ya uwanja wa ndege wa JKIA kuanzia Ijumaa hadi Jumatano, barafu kavu itakuwa imeyeyukia hewani zamani, lakini unga utakuwa salama.

6. Vibali gani vinahitajika?

Andaa karatasi kabla ya kuagiza, maana mzigo ukishatua ghala huanza kukuhesabia siku. Wakala wako wa forodha atahitaji ankara, barua ya taasisi inayosema bidhaa ni ya utafiti tu, karatasi ya usalama wa kemikali, na maelezo ya asili ya bidhaa. Hilo la mwisho ndilo huchelewesha watu. Kichupa chenye albumini ya ng'ombe kina kitu kilichotoka kwa mnyama, na huenda kikahitaji kibali cha idara ya mifugo. Mweleze wakala mapema, kwa maandishi. Kwa upande wa utafiti wenyewe, damu ya binadamu haiguswi kabla ya idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

7. Nichukue yenye albumini au isiyo nayo?

Yenye albumini kwa kukuza seli. Isiyo nayo kama utaiunganisha na rangi au biotini, utaipaka kwenye sahani, utaipima kwa maspektromita, au kama albumini itaharibu kipimo chako kwa njia nyingine. Protini kidogo ikiwa peke yake kwenye maji hunata kwenye plastiki, na mikrogramu 10 zinaweza kupungua sana bila wewe kuona kitu. Albumini hunata kwanza, na IL-2 hubaki kwenye maji.

## Kuyeyusha, kugawa, kuhifadhi

8. Nimefungua kichupa na sioni kitu ndani. Nimeibiwa?

La. Mikrogramu 50 za protini iliyokaushwa mara nyingi hazionekani kwa macho. Wakati mwingine ni utando mwembamba unaong'aa kwenye ukuta wa kioo, au kipande kidogo kilichorukia kwenye kifuniko cha mpira. Ndiyo maana kichupa huzungushwa kwenye sentrifyuji kabla ya kufunguliwa. Vichupa vingi hufungwa vikiwa na ombwe ndani: ukivuta mpira ghafla, hewa huingia kwa kishindo kidogo na kupeperusha unga. Ulegeze polepole upande mmoja, usikie hewa ikiingia, ndipo uutoe.

9. Nayeyushaje, hatua kwa hatua?

Mfano ni kichupa cha mikrogramu 50.

Kitoe kwenye friza na ukiache kwenye meza dakika 15 hadi 20 kikiwa kimefungwa. Ukifungua kikiwa baridi, unyevu wa hewa utaganda ndani. Zungusha kwa 1,000 hadi 3,000 × g kwa nusu dakika. Ndani ya kabati ya usalama wa kibiolojia, futa kifuniko kwa ethanoli ya asilimia 70, kisha ukilegeze kama ilivyoelezwa katika swali la 8.

Ongeza mikrolita 500 za asidi ya asetiki ya mM 100 iliyochujwa kwa kichujio cha mikromita 0.2, yenye albumini asilimia 0.1 kama kichupa hakikuja nayo. Elekeza tone kwenye ukuta na uzungushe kichupa mkononi ili maji yafike kila upande, hata chini ya kifuniko. Usitumie mtikisiko wa voteksi na usipige mapovu kwa pipeti, kwani protini huharibika mahali maji yanapokutana na hewa. Acha dakika 15 hadi 30 kwenye joto la chumba, ukikizungusha taratibu mara mbili tatu. Sasa una mg 0.1 kwa mililita.

Chuja asidi kabla ya kuongeza protini. Ukichuja mmumunyo wa protini wenyewe, kiasi kikubwa kitabaki kwenye kichujio.

Asidi yenyewe ni rahisi kutengeneza: mikrolita 575 za asidi ya asetiki safi isiyozimuliwa, jaza maji yasiyo na endotoksini hadi mililita 100.

10. Kwa nini asidi? PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfati) haitoshi?

IL-2 haipendi maji ya pH ya kati ikiwa nyingi na peke yake. Nyuso zake zisizopenda maji hukutana na protini inagandamana. Kwenye asidi kila molekuli hubeba chaji na kuikimbia nyingine. Kuna bechi ambazo mtengenezaji ameziongezea viungo ili ziyeyuke kwenye maji matupu au PBS, na karatasi yake itasema hivyo. Bila maelezo hayo, tumia asidi.

Hofu kwamba asidi itaua seli haina msingi kwa viwango hivi. Utazimua zaidi ya mara mia kabla haijafika kwenye seli, na bafa ya midia huimeza bila rangi kubadilika.

11. Nigawe kwenye alikoti (mafungu madogo) za ukubwa gani?

Kiasi utakachomaliza ndani ya wiki moja baada ya kufungua. Kwa maabara ndogo, mikrolita 10 hufaa. Mikrolita 500 zitakupa alikoti kama 48, ukihesabu kinachobaki kwenye ncha za pipeti. Tumia vichupa vya polipropilini visivyonatisha protini, na kwenye kila kimoja uandike jina, IU (vitengo vya kimataifa vya uwezo) kwa mililita, bechi na tarehe, kwa kalamu isiyofutwa na ethanoli.

Gawa siku ile ile unayoyeyusha. Kichupa kimoja kikubwa kinachotolewa na kurudishwa kila Jumatatu hupoteza nguvu kidogo kila safari, na baada ya miezi miwili utalaumu seli.

12. Hudumu kwa muda gani?

Unga: mwaka mmoja au zaidi kwenye −20 °C hadi −80 °C. Mmumunyo wenye albumini: takriban miezi mitatu kwenye −20 °C na zaidi kwenye −80 °C. Alikoti iliyoyeyuka: kwenye friji ya 2 hadi 8 °C kwa wiki moja hadi nne kama ni stoku nzito, na siku chache tu kama umeshaizimua kwenye midia. Usiigandishe tena.

13. Friza yetu haijengi barafu. Inafaa?

Haifai kwa alikoti. Friza ya aina hiyo huyeyusha barafu yake kwa kupasha kuta joto mara kwa mara, na vichupa vidogo vya mikrolita 10 hufuata joto hilo juu na chini. Kama huna nyingine, weka alikoti ndani ya kisanduku cha styrofoam katikati ya friza, mbali na ukuta, na upange kuzimaliza mapema.

14. Stima ilipotea wikendi nzima. Nitupe kila kitu?

Usitupe kabla ya kupima. Unga uliofungwa hauna neno. Alikoti zilizobaki zimeganda ziache zilivyo. Zilizoyeyuka lakini bado ni baridi kwa kugusa zihamishie kwenye friji, ziwekee alama nyekundu, na uzitumie ndani ya wiki mbili kwa kazi ya kukuza seli tu, si kwa jaribio la mwisho la tasnifu. Zilizofikia joto la chumba kwa zaidi ya siku moja zijaribu kwanza kama ilivyo katika swali la 22.

Mlango wa friza usifunguliwe stima ikiwa imekatika. Friza ya −80 °C iliyojaa vizuri hukaa na baridi kwa saa nyingi, na iliyo nusu tupu hupata joto haraka zaidi. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda. Kipimajoto kinachorekodi cha juu na cha chini ni kifaa cha bei ndogo, na ndicho kitakachokwambia ukweli Jumatatu asubuhi.

## Hesabu za IU na nanogramu

15. Makala inasema 50 IU/mL, kichupa changu kinasema mikrogramu. Nabadilishaje?

Unahitaji namba moja kutoka kwenye cheti: uwezo mahususi, yaani IU kwa kila miligramu. Kwa IL-2 nzuri huwa kama 10,000,000 au zaidi. Kwa namba hiyo, nanogramu 1 ni IU 10, kwa hiyo 50 IU/mL ni ng 5 kwa mililita.

Kichupa cha swali la 9 kitakuwa na IU 500,000 ndani ya mikrolita 500, yaani IU milioni 1 kwa mililita. Alikoti ya mikrolita 10 ina IU 10,000. Iongezee mikrolita 990 za midia na upate mililita 1 ya IU 10,000 kwa mililita. Kwa mililita 50 za midia kwenye 50 IU/mL unahitaji IU 2,500, ambazo ni mikrolita 250 za mmumunyo huo. Ungechukua moja kwa moja kutoka kwenye stoku ungehitaji mikrolita 2.5, na kosa dogo la pipeti lingekupa tofauti ya robo nzima.

Usinakili ng/mL ya makala kama bidhaa yako ni ya kampuni nyingine. Nakili IU.

16. Cheti hakina IU, kina ED50 tu.

Gawanya milioni moja kwa ED50 iliyo katika ng/mL. ED50 ya 0.1 ng/mL hutoa vitengo milioni 10 kwa miligramu. Cheti kikisema "chini ya 0.5 ng/mL", unajua tu kwamba uwezo ni zaidi ya milioni 2, huo ni mpaka wa chini wa kukubali bechi na haufai kwa hesabu. Mwandikie muuzaji uombe thamani halisi ya bechi yako.

ED50 hupatikana kwa kuangalia dozi inayofikisha nusu ya ukuaji wa juu kabisa wa seli za CTLL-2, ambazo ni seli za panya zisizoweza kuishi bila IL-2.

17. Kampuni mbili, IU zile zile, lakini seli zinakua tofauti. Kwa nini?

"Kitengo" cha kampuni moja si lazima kiwe IU. IU ya kweli hulinganishwa na kiwango cha kimataifa cha WHO. Kampuni nyingine hutumia vitengo vyao wenyewe na kuandika "U" tu. Na hata IU mbili za kweli hutoka kwenye kipimo cha seli hai, chenye mtawanyiko wake. Unapobadilisha bechi, ziweke zote mbili kwenye sahani moja, seli zile zile, siku ile ile, kwa dozi sita au saba. Hiyo ni kazi ya siku tatu, na huokoa miezi.

## Kwenye seli

18. Nitumie dozi gani?

Inategemea vipokezi. Kipokezi kamili cha IL-2 kina sehemu tatu, CD25, CD122 na CD132, na hushika IL-2 kwenye ukolezi wa karibu pM 10. Seli isiyo na CD25 ina sehemu mbili tu na huhitaji takriban mara mia zaidi. Seli T zilizoamshwa zina CD25 nyingi, na 20 hadi 50 IU/mL huzitosha. Seli NK ambazo hazijaamshwa zina CD25 kidogo mno, na kwa kawaida hupewa 200 hadi 500 IU/mL au zaidi. Itifaki za kukuza limfosaiti kutoka kwenye vivimbe hufika 6,000 IU/mL.

Kuongeza dozi ili "kuwa na uhakika" kuna gharama isiyoonekana: unabadilisha ni seli gani zinazoshinda kwenye chupa. Seli T za udhibiti zina CD25 muda wote na hufaidika mapema. Na ukiona CD4 zenye CD25 zimejaa, usizihesabu moja kwa moja kuwa za udhibiti, kwani kila seli T iliyoamshwa huonyesha CD25. Ongeza alama za FOXP3 na CD127 kwenye paneli yako ya kingamwili.

19. Mpangilio wa kawaida wa kukuza seli T kutoka PBMC (limfosaiti na monosaiti za damu) ni upi?

Siku ya 0, weka PBMC milioni 1 kwa mililita katika RPMI-1640 yenye seramu ya ndama asilimia 10 na L-glutamini mM 2, pamoja na PHA mikrogramu 1 hadi 5 kwa mililita. Siku ya 2 au 3 utaona vishada vya seli chini ya darubini, vya duara kama zabibu, na seli zenyewe zimenenepa. Usipoviona, usiendelee: IL-2 haiamshi seli T zilizolala, huziendeleza zilizokwisha kuamshwa.

Osha PHA, weka midia mpya yenye IL-2 ya 50 IU/mL. Kila siku ya pili au ya tatu toa nusu ya midia na uirudishie mpya yenye IL-2 ya dozi maradufu kwa ujazo ule, kwa kuwa seli zimekula iliyokuwepo. Shikilia seli kati ya nusu milioni na milioni 2 kwa mililita. Zikizidi hapo, midia hugeuka njano kwa usiku mmoja.

Wanaofanya ELISpot (kipimo cha kuhesabu seli zinazotoa saitokini) ya IFN-γ baada ya kukuza kwa siku 10: osha IL-2 yote itoke na uzipumzishe seli usiku kucha bila saitokini kabla ya kipimo. Usipofanya hivyo, visima vya udhibiti hasi vitajaa madoa. Kwa ELISpot ya kawaida ya saa 18 hadi 24, usiongeze IL-2 kabisa.

20. Endotoksini inanihusu?

Kama kuna monosaiti kwenye chupa yako, inakuhusu. PBMC zina monosaiti, na hizo hutoa saitokini za TNF na IL-6 kwa kiasi kidogo sana cha endotoksini. Utaandika kwamba IL-2 iliongeza TNF, kumbe ni mabaki ya bakteria. Tafuta bidhaa iliyo chini ya 0.1 EU (kitengo cha endotoksini) kwa mikrogramu, au angalau chini ya 1. Kwa 50 IU/mL unatia ng 5 tu za protini kwa mililita, kwa hiyo kinachofika kwenye seli ni kidogo. Kwa 6,000 IU/mL hesabu ni nyingine kabisa.

Udhibiti mzuri ni kisima chenye IL-2 pamoja na kingamwili inayoizuia IL-2. Athari ikibaki palepale, haikutoka kwa IL-2. Polimiksini B kwenye kisima kingine hukamilisha picha, kwa sababu hufunga endotoksini.

21. Midia yangu ni ya waridi iliyokolea hata ndani ya inkubeta, na seli zinasuasua. IL-2 ni mbovu?

Tazama kwanza gesi. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni karibu mmHg 620 badala ya 760. Asilimia 5 ya CO₂ hapa ni mmHg 31; pwani ni 38. Bikaboneti ya midia ilipangwa kwa 38, kwa hiyo pH yako hupanda kwa karibu 0.09. Seli T zinazogawanyika huhisi hilo, hasa siku za mwanzo kabla hazijatoa asidi yao wenyewe.

Suluhisho la kawaida ni kupandisha CO₂ hadi karibu asilimia 6. Lakini usibonyeze kitufe kabla ya kujua inkubeta ilirekebishwa wapi. Sensa ya mwanga wa infraredi huhesabu molekuli zilizopo; ikiwa ilirekebishwa kiwandani kwenye usawa wa bahari na haikuguswa tena, "5" inayoonyesha inaweza kuwa tayari ni ile mmHg 38 unayoitaka. Njia isiyodanganya ni kuweka midia bila seli kwenye chupa yenye kifuniko cha kupitisha hewa, kuiacha usiku kucha, na kupima pH mara tu unapoitoa. Lenga 7.2 hadi 7.4.

Mwinuko huo huo huwasumbua wenye otoklevu za kusoma kwa mshale: psi 15 za Mombasa hapa hazifiki 121 °C. Unahitaji karibu psi 17.7.

22. ELISA inaonyesha IL-2 ipo, lakini seli hazikui. Nani anasema kweli?

Wote wawili. ELISA, kipimo cha kingamwili, hutambua vipande vya umbo la protini, na protini iliyojikunja vibaya inaweza kubaki na vipande hivyo. Uwezo hupimwa kwa seli tu.

Kipimo cha haraka zaidi ni fosforilesheni (kuongezewa fosfati) ya STAT5, protini ya ndani ya seli inayopeleka ishara ya IL-2. Chukua seli T zilizoamshwa kwa PHA, zipumzishe saa chache bila IL-2, kisha zipe dozi tofauti kwa dakika 15 kwenye 37 °C. Zikaze zibaki zilivyo (fixation) mara moja kwa paraformaldehidi, pitisha methanoli baridi, paka kingamwili ya STAT5 yenye fosfati na usome kwenye saitometa. Weka alikoti inayotiliwa shaka kando ya iliyofunguliwa leo. Mchirizi wa dozi (grafu ya dozi na mwitikio) ukihamia kulia mara tano, alikoti imebakiwa na sehemu moja ya tano ya nguvu.

Alikoti zote zikiwa sawa na seli bado hazikui, sababu iko kwingine: PHA ya zamani, seramu ya bechi mpya, PBMC zilizokaa zaidi ya siku moja kabla ya kutenganishwa, mikoplasma, au gesi ya swali la 21.

23. Itafanya kazi kwenye seli za panya, ng'ombe au nyani?

Panya, ndiyo, kama CTLL-2 zinavyoonyesha; kinyume chake ni dhaifu, kwani IL-2 ya panya haiziamshi vizuri seli za binadamu. Nyani kama makaku, ndiyo. Seli T za ng'ombe pia huitikia IL-2 ya binadamu, na hilo lina manufaa kwa wanaochunguza kinga dhidi ya ndigana kali. Ila IU za cheti zilipimwa kwa seli za panya, kwa hiyo fanya mchirizi wako wa dozi kwa ng'ombe kabla ya kupanga jaribio. Na kumbuka kwamba limfosaiti zilizoambukizwa *Theileria parva* hugawanyika zenyewe bila kuongezewa IL-2. Ukizitumia kupima uwezo wa kichupa, kila dozi itaonekana inafanya kazi, hata sifuri.

24. Tarehe ya mwisho imepita miezi minne, lakini kichupa hakijafunguliwa.

Unga uliokaa −20 °C bila kukatikiwa na stima mara nyingi bado una nguvu. Utumie kulisha seli za kawaida baada ya kuulinganisha na bechi hai kama ilivyo katika swali la 17. Kwa data itakayochapishwa, nunua mpya. Kichupa kilichofunguliwa kisha kikafungwa bila kuyeyushwa hakihesabiki humu: unyevu umeshaingia.